Nani Anashusha Mluzi wa Birika?

Machi 3, Jumapili

Mvua za msimu zimeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika, kwa sababu kichwa changu peke yake hakitoshi tena kuwakamata watu. Kuna kitu kinapikwa katika nyumba hii. Sijui ni nini, sijui mpishi ni nani, lakini machale yananicheza tangu juzi, na machale yangu hukosea mara chache sana.

Niandike hali ilivyo, ili siku nikisoma nisijitie kusahau. Mimi ndiye Msasa. Narap na kutengeneza midundo yangu mwenyewe. Situmii ngoma wala magitaa. Natumia vitu vya nyumbani: ndoo, lango, mashine ya kusagia, kijiko ndani ya glasi. Magazeti yananiita mwanamuziki wa majaribio. Albamu ya kwanza haikusikilizwa na mtu ila Mama, tena kwa kulazimishwa. Ya pili ndiyo iliyonitoa. Ya tatu inatakiwa iwe tayari mwezi wa tano, kwa sababu Meneja wangu ameshakodi ukumbi wa uzinduzi na kubandika mabango mji mzima. Hii ikiharibika nimekwisha. Sina kazi nyingine ninayoijua, na umri wa kwenda kujifunza upya umenipita.

Studio ni chumba cha nyuma katika nyumba ya Mama. Paa ni la bati, kwa hiyo msimu wa mvua tuna utaratibu wetu: ikikatika tunarekodi sauti, ikinyesha tunachanganya. Mwenzangu wa kuchanganya ni Kijiko. Nimesoma naye tangu shule ya msingi, na jina nilimpa mimi, maana kazi yake ni kukoroga. Asubuhi mimi natoka na kinasa sauti kwenda kuwinda milio mjini, yeye anakuja kupanga mafaili. Jioni anaondoka, nabaki na nyimbo zangu.

Sasa sikiliza. Kuna wimbo unaitwa “Birika”. Roho yake ni mluzi wa birika la Mama likichemka. Nimeuvuta, nikaupitisha juu ya mdundo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Juzi jioni niliuacha mahali pake. Jana nimeukuta umeshuka, sauti yake imepunguzwa. Nikaupandisha. Leo nimeukuta umeshuka tena.

Mluzi hauna miguu. Kuna mtu anaushusha.

Machi 5

Umeshuka. Nimeupandisha.

Machi 6

Nimemuuliza Kijiko, kwa upole kabisa, “Umegusa ‘Birika’?”

“Birika lipi, la jikoni?”

“Usinichezee shere.”

“Nimepanga mafaili tu, Msasa.”

Alikuwa anakunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa. Mtu asiye na lake jambo hakunji waya mara mbili.

Machi 9

Birika limekaukia jikoni, chini limekuwa jeusi. Mama ametoka chumbani mbio. “Ulikuwa umekaa hapo hapo mezani! Hukulisikia?”

Nikamwambia limezeeka, tundu lake limeziba, halilii tena. Nilijiandaa kwa ugomvi. Mama alinitazama, akalitazama birika, akasema, “Haya, mwanangu. Tutanunua jingine.”

Mama huyu huyu ambaye hakubali hata kwamba leo ni Jumamosi mpaka aulize majirani. Kanikubalia mara moja. Hapo pana namna.

Machi 11

Nimenunua birika jipya. Nimelijaza maji, mvuke unatoka, mluzi hakuna. Nimeuziwa feki.

Nikalirudisha dukani. Muuza vyombo akaliteleka mbele yangu, na likaanza kutoa mvuke. “Si hilo linalia, dada?” Wateja wawili waliokuwa wanachagua sufuria wakadakia kwamba kweli linalia. Mmoja aliweka hata uso wa kuonyesha linamkera. Nilisikia kitu kwa mbali, pumzi ya mgonjwa, nikawauliza kama huo ndio wanaouita mluzi. Wakatazamana. Ninajua biashara zinavyoendeshwa siku hizi, mwenye duka anaweka watu wake wajifanye wanunuzi. Nimerudi nalo kwa sababu sikutaka kupigana.

Machi 14

Mvua. Mwaka huu mvua yenyewe legelege. Uani maji yamejaa, lakini kunyesha kwenyewe ni kwa kunong'ona. Kijiko amevua hedifoni akasema tusimame kwanza, hasikii kitu kwa kelele za bati.

“Kelele gani? Hii si mvua ya kumsimamisha mtu kazi.”

Alinyanyua macho kwenye paa, akayashusha kwangu, akawa kama anataka kusema neno. Kisha akaomba chai. Naanza kufikiri anatafuta visingizio vya kuchelewesha.

Machi 15

Umeshuka. Nimeupandisha zaidi.

Machi 18

Nimewakuta jikoni, Mama na Kijiko, vichwa vimekaribiana. Nilipoingia wakanyamaza. Mama akaanza kupangusa meza kavu.

Tena si wao peke yao. Watu wote siku hizi wanaongea kama wana kipande cha mkate mdomoni. Meneja kwenye simu anamumunya. Mtangazaji wa redio anamumunya. Nilimwambia Mama aseme wazi anachosema, akapaza sauti kunisemesha, na sura yake wakati anapaza ikawa ya huruma. Sitaki huruma ya mtu anayenong'ona na mkorogaji wangu.

Machi 22

Nimemkamata.

Jana jioni kabla sijafunga nilipiga picha skrini ya kompyuta, wimbo mmoja baada ya mwingine, kila sauti na kipimo chake. Leo nimerudi nikalinganisha. Si “Birika” peke yake. Kengele ya baiskeli kwenye “Kona” imeshushwa. Kijiko cha glasi kwenye “Wageni” kimeshushwa. Wembe juu ya kioo, ambao ndio fahari ya albamu, umekandamizwa mpaka umekuwa kama hauko. Midundo mizito, ya ndoo na lango, hakuigusa hata kidogo. Ananinyoa makali. Kila kitu chembamba, kila kitu kinachonifanya niwe Msasa, anakipunguza polepole ili nisione.

Kwa nini? Nimekaa na swali hilo jioni nzima. Ama ametumwa na mtu asiyependa nitoke, ama anataka kazi iwe laini apate kusema ni mkono wake. Nyimbo zangu ziwe za kuchezwa saluni. Namkumbuka tukiwa darasani, alikuwa anaazima kalamu na kuirudisha ikiwa imechongwa vizuri zaidi. Wakati ule niliona ni wema.

Machi 25

Meneja kapiga. Katika mengine, kasema, “Halafu Kijiko aliniuliza kama uzinduzi unaweza kusogezwa. Mnaumwa?”

Hakuna anayeumwa. Kuna anayeumwa roho.

Machi 30

Nimebadilisha neno la siri la kompyuta, nimeweka kufuli jipya mlangoni. Ufunguo mmoja ninao mimi. Wa akiba nimempa Mama, kwa sababu duniani mtu lazima awe na mmoja wa kumwamini.

Aprili 2

Nimewakamata wote wawili.

Asubuhi niliaga kwamba naenda stendi ya magari kurekodi honi, nitarudi jioni. Nilifika njia panda nikageuka. Nikapita mlango wa uani. Kufuli lilikuwa wazi. Ndani, Kijiko amekaa kwenye kiti changu, hedifoni kichwani, na Mama amesimama pembeni yake ameshika kikombe cha chai kama mtu aliyekuja kumpoza fundi wake. Kompyuta haikuwa imefunguka, neno la siri liliwashinda. Lakini alikuwa amechomeka kifaa chake mwenyewe chenye nakala ya “Birika”. Kumbe ana nakala.

“Mama,” nikasema. “Ufunguo nilikupa wewe.”

“Nilimfungulia mimi,” Mama akasema. “Usimlaumu yeye.”

“Nimlaumu nani? Nyinyi wawili mnanizunguka tangu mvua zianze! Mnanong'ona, mnapeana macho, mnanifungulia milango nikiwa sipo.” Nikamgeukia Kijiko. “Nani kakutuma?”

Akavua hedifoni taratibu. “Hakuna aliyenituma.”

“Basi kwa nini unashusha mluzi wangu? Jibu moja tu, nitaridhika.”

“Kwa sababu uko juu mno, Msasa.”

“Uko mahali ninapoutaka!”

“Najua unapoutaka. Ndiyo maana...” Akasita. “Hebu nikuulize kitu. Asubuhi hii, ulipokuwa unakuja, mlango wa uani ulipofunguka, wewe...”

“Kijiko,” Mama akasema. Hakupaza sauti. Neno moja tu, na yule mtu mzima mwenye ndevu akafunga mdomo kama mtoto.

Hapo ndipo nilipojua nani mkubwa wa njama. Mama yangu. Sijawahi kuwa na hofu ya namna ile, ya kusimama kwenye nyumba niliyozaliwa na kuona sina upande. Nilimwambia Kijiko achukue nyaya zake na asikanyage tena hapa. Akazikunja, moja baada ya nyingine. Mlangoni aligeuka.

“Usizindue na miksi yako peke yako,” akasema. “Nakuomba. Mpe mtu mwingine, si lazima mimi, mpe yeyote asikilize.”

“Ili na yeye animalize?”

Akaenda. Mama akabaki na chai iliyopoa. Sikuzungumza naye siku nzima, naye hakujaribu.

Aprili 3

Sina la kuandika.

Aprili 8

Nafanya kazi peke yangu. Kila kitu nimekirudisha mahali pake, na pengine nimekipita kidogo, maana nilikuwa nimeshazoea kunyimwa. Wembe unakata. Kengele inalia. Mluzi wa “Birika” sasa unasikika tangu mwanzo mpaka mwisho, mwembamba, mtamu. Sijui Kijiko alikuwa anaogopa nini.

Mvua bado legelege. Jirani amelalamika kwamba hawezi kulala kwa kishindo chake. Watu wa mtaa huu wamedekezwa.

Aprili 19

Nimemwita Mama asikilize albamu yote. Tulikuwa hatujakaa chumba kimoja zaidi ya muda wa kula. Aliketi, mikono mapajani. Ulipofika wimbo wa “Birika” macho yake yalijaa machozi, akauma mdomo, lakini hakuinuka mpaka ulipokwisha.

“Nzuri,” akasema.

“Nzuri nini?”

“Maneno. Ubeti ule wa baba yako, nzuri sana.”

Machozi nimeyaona kwa macho yangu, hayo si ya kuigiza. Lakini ile “nzuri” nimeipokea kwa mkono wa kushoto. Watu wakitaka kukuangusha hukuvika kwanza kilemba cha ukoka.

Aprili 28

Nimeituma kwa Meneja. Hakupiga simu. Baadaye kasema alipiga mchana kutwa na sikupokea. Simu ilikuwa mbele yangu mezani, haikulia. Naye nimeanza kumtilia mashaka.

Mei 4

Mvua.

Mei 11, Jumamosi

Nimerudi kutoka ukumbini. Jua lilikuwa bado halijazama tulipomaliza.

Ukumbi ulijaa, niseme haki. Nyimbo za mwanzo niliona vichwa vinakwenda mbele na nyuma, nikasema, haya, watu ni wangu. Ulipoanza wembe juu ya kioo, vichwa vikasimama. Nikadhani ni mshangao. Kwenye “Kona” mtu wa kamera aliishusha kamera akajifinya sikio. Fundi wa spika wa ukumbi alikuja mbio kwenye meza yangu, mkono umenyooka kwenye vitufe, nikamsukuma. Alisema kitu sikukipata, anamumunya kama wengine.

Kisha “Birika”. Safu ya mbele yote wakaziba masikio. Yote, kana kwamba kuna mtu kawaamuru. Kuna waliojikunja kwenye viti. Mama akasimama, akajifunga mtandio kichwani, akatoka akipapasa ukuta. Mimi mwanamke wa watu nikaendelea kurap. Maneno yalinitoka sawasawa, sikukosea hata moja, huku nikiwaza: amewapanga. Kijiko amewapanga. Amewaambia ukifika huu, zibeni masikio, mdhalilisheni.

Na yeye alikuwepo. Nyuma kabisa, karibu na mlango. Katika ukumbi mzima ndiye peke yake ambaye hakuziba masikio. Alisimama amefumba macho, mikono imeshuka ubavuni, mpaka wimbo ulipokwisha. Nikasema, ushahidi ndio huo, mwenye mpango hahitaji kuigiza.

Waliobaki walinipigia makofi marefu wamesimama. Sikuyaelewa makofi yale.

Mei 12

Nitaandika yote, hata kama itachukua kurasa.

Asubuhi tulikuwa mezani, Mama na mimi, redio inaongea. Mchambuzi wa muziki akaanza kunisema. Nilimwomba Mama aongeze sauti, akaongeza. Mchambuzi alisema jana Msasa ametutesa kwa makusudi. Kwamba ametumia maumivu kama ala. Kwamba hajawahi kusikia ujasiri wa namna ile.

Nikacheka. “Maumivu gani? Huyu naye. Mluzi wa birika unamtesa?”

Mama hakucheka. Akazima redio.

“Na wewe ulitoka,” nikamwambia. “Mama yangu mzazi. Kijiko alikwambia utoke wimbo wa ngapi?”

“Kijiko hajaniambia kitu. Nilitoka kwa sababu sikuweza. Ule wa nyumbani niliuvumilia, jana spika zilikuwa kubwa.”

“Mliambizana.”

Alinyanyuka, akalijaza maji lile birika jipya, akaliweka jikoni, akawasha. Akarudi kukaa mbele yangu na kunishika mikono yote miwili juu ya meza. Mama si mtu wa kushikana mikono.

“Nitazame mimi, usilitazame jiko,” akasema. “Likianza kulia, niambie.”

Nikadhani ni mchezo, au anatafuta njia ya kuomba radhi. Tukakaa. Nilimtazama makunyanzi ya machoni, ambayo sikuwa nimeyaona yamekuwa mengi hivyo. Tukakaa. Nikachoka. Nikasema, “Mama, moto umewasha kweli?”

“Umewaka.”

“Basi ni lile lile. Nilikwambia ni feki.”

Macho yake yakajaa. “Linalia, mwanangu,” akasema. “Linalia muda wote huu.”

Nikageuka. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye tundu kwa nguvu, mnyoofu. Dirisha limeshakuwa na ukungu. Nikasimama nikalisogelea, nikainama mpaka joto likanichoma shavu, na hapo, kwa mbali, nikasikia ile pumzi ya mgonjwa. Nikarudi nyuma hatua, ikapotea. Nikasogea, ikarudi. Nilifanya hivyo sijui mara ngapi. Mama alikuja akazima jiko, akanivuta nikakaa.

Sikulia. Nikaanza kuhesabu nyuma kimoyomoyo: muuza vyombo, wateja wake, jirani wa mvua, simu isiyolia, fundi wa spika. Watu wote wale niliowatukana moyoni.

“Tangu lini unajua?”

“Kijiko alikuja kwangu mwaka jana. Alikuwa analia, mtoto wa watu. Akaniuliza akwambie vipi.”

“Ukamwambia nyamaza.”

“Nikamwapisha.” Mama akavuta pumzi. “Baba yako unamkumbuka zaidi akiwa mkimya. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa fundi wa vyuma, mwongeaji, mcheshi, nyumba hii ilikuwa haikaliki kwa maneno yake. Masikio yakaanza kuondoka. Nikamwambia mimi mwenyewe, kwenye meza hii, nikidhani namsaidia. Tangu siku hiyo hakusema tena mezani mpaka tunamzika. Aliona aibu ya kujibu asichokisikia. Sasa wewe maneno ndiyo kazi yako. Nikasema, huyu simwambii. Kijiko atashusha kidogo kidogo, na mimi nitasema nzuri.”

“Mngenishushia mpaka lini?”

“Sikujua. Nilikuwa naomba msimu uishe.”

Nilimkasirikia kwa namna ambayo sijawahi kumkasirikia mtu, na wakati huo huo nilitaka kulaza kichwa mapajani mwake. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilienda chumba cha nyuma nikaweka hedifoni, nikasikiliza “Birika” yangu, tamu, laini, na sasa sikujua ninasikiliza nini.

Mei 15

Daktari wa masikio ni kijana mpole. Aliniweka kwenye kichumba cha sponji, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Kisha akanionyesha mchoro: mstari unakwenda vizuri, vizuri, halafu unaporomoka. Sauti nene zipo zote. Nyembamba zimekwenda, na pamoja nazo nusu ya herufi za watu, ndiyo maana naona wanamumunya. Kasema haitarudi. Kuna vifaa vya kuvaa, vitasaidia maongezi. Muziki, si sana.

“Unafanya kazi gani, dada?” akauliza, kalamu juu ya fomu.

Nikamwambia. Akaiweka kalamu chini.

Mei 16

Imenyesha. Nimeweka kiganja kwenye bati la kibanda cha kuni. Linatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo mwaka huu mvua ilikuwa kubwa.

Mei 18

Meneja kaja mwenyewe, kajaa furaha. Kumbi za miji mingine zinanitaka. Sharti ni moja tu: “Birika” ipigwe vile vile, isipunguzwe hata kidogo. Watu wanataka kuumia, anasema. Wameshaanza kuuliza tiketi.

“Walidhani nilifanya makusudi?” nikamuuliza.

“Kwani hukufanya makusudi?”

Akanitazama usoni, na mimi, mchunguzi wa nyuso za wenzangu, sikujua niufanyeje wangu. Nikamwambia nitampa jibu. Ni njia rahisi, siwezi kukana. Ningepanda jukwaani na uziwi wangu, wauite ujasiri, na hakuna ambaye angejua. Nimeufikiria usiku kucha.

Mei 21

Nimekwenda kwa Kijiko. Siku hizi anachanganya matangazo ya sabuni kwenye chumba kidogo juu ya duka la mbao. Hakusimama nilipoingia.

“Umekuja kunikagua?”

“Nimekuja kuuliza. Kaa unitazame unapojibu, nipate kuona mdomo.” Akaelewa mara moja kwamba ninajua. Uso wake ukalegea. “Albamu ya pili. Uliigusa?”

“Hata sauti moja sikugusa.”

“Na ilikuwa inauma?”

“Ilikuwa inauma. Nikasema huyu ni Msasa, ana maana yake. Halafu magazeti yakaanza kusifu, nikasema si unaona, mimi ndiye mjinga. Nilikuja kushtuka mwaka jana, uliponiambia lango la kwa jirani lina mlio wa kubembeleza. Lile lango mbwa hulikimbia.”

Nikakaa kwenye ndoo ya rangi. Sifa zote zile, jina lote lile, ni masikio yangu yalikuwa yanakufa na watu wanapiga makofi. Nilimwambia hivyo. Akasema hapana, midundo ni yangu, maneno ni yangu.

“Usinivike kilemba.”

“Sikuvishi kitu. Wimbo wa nne kwenye albamu ile ni mbovu. Mdundo wa ndoo mvivu, ubeti wa pili umejaza maneno tu. Nilikwambia wakati ule ukanirushia kiatu.”

Ni kweli, nilimrushia. Na ni mbovu kweli, mdundo ule bado nausikia wote, hauhitaji sikio jembamba. Nikajikuta nacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ya birika. Mwaka mzima Mama kaniambia nzuri, na huyu ananiambia mbovu, na ni neno hilo lililonipa pumzi.

“Siku ya ukumbi,” nikamuuliza, “mbona wewe hukuziba masikio?”

“Nilihofia utaniona.”

Nilimwomba radhi. Hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Alisema atafikiria. Nilimwelewa.

Mei 24

Nimempigia Meneja, au tuseme Mama amepiga, mimi nikasema. Nimekataa. Sikutengeneza “Birika” ili mtu azibe masikio. Niliitengeneza kwa ajili ya asubuhi zetu, Baba akiwa bado anaongea, Mama akimkatiza kwa chai. Nilitaka wasikie kitu hicho. Meneja kasema najichimbia kaburi. Inawezekana, na naogopa sana.

Mei 26, Jumapili

Kijiko amekuja. Kaingia kama anakuja kusoma mita, hakunisalimia vizuri, akachomeka nyaya.

Tumebadilisha utaratibu. Zamani wote tulitazama skrini. Leo yeye ameigeuzia mgongo, ameketi kunielekea, magoti karibu yagusane, na mimi nashika vitufe. Napandisha sauti, yeye ananyanyua kidole inapofika mahali pake. Tumeanza na wembe, tukaenda kengele, tukaja glasi. Kila mara kidole kilinyanyuka chini kabisa, mapema kuliko nilivyotegemea.

Ulipofika mluzi nikaingiwa na lile langu la kushuku. Nikauzima kabisa, halafu nikajifanya naupandisha, polepole, jicho kwake. Nilitaka kuona kama atanyanyua kidole kunifurahisha.

Alisubiri, akakunja uso. “Umezima,” akasema. “Hapo hakuna kitu. Unanipima?”

“Nakupima.”

“Pima tu. Lakini tumalize, nina sabuni kesho.”

Nikauwasha. Nikaupandisha kutoka chini kabisa, na macho yake hayakuniacha. Kidole kikanyanyuka. Nikasimama hapo hapo. Masikioni mwangu palikuwa na ndoo, lango na sauti yangu mwenyewe ikirap, na juu yake hapakuwa na kitu chochote.

“Upo?” nikauliza.

“Upo.”

“Unaumiza?”

“Hauumizi. Ni mzuri.”

Mkono ulikuwa juu ya kitufe, na ulitaka kuongeza, kidogo tu, nami nipate changu. Nikauondoa. Nikahifadhi wimbo vile vile, na mluzi wake ambao kila mtu atausikia isipokuwa mimi.